Mchore Angali Hai: kutoka kiti cha Kisumu hadi shindano la picha za sura

Simu huja Jumatano. Mtu amefariki, mazishi ni Jumamosi, na familia inataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Naletewa kwa WhatsApp kipande kilichokatwa kutoka picha ya harusi ya mwaka juzi: sikio moja limefichwa na bega la mtu mwingine, macho yamefumba nusu kwa sababu ya flashi. Wakati mwingine ni picha ya kitambulisho, ile ambayo hakuna Mkenya anayefanana nayo. Nachora. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu hapa Kondele, na siibezi. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikichora sura za watu ambao sikuwahi kuwasalimia. Siku nilipoamua kujaribu mashindano ya nje, nikasoma kanuni, nikakwama kwenye sharti moja: lazima mwenye sura awe ameketi mbele ya mchoraji.

Mwongozo huu ni wa mchoraji aliye Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma, anayejua kushika brashi, anayechora vibao vya kinyozi au picha za matanga, na anayetaka kutoa picha moja ya sura inayoweza kusimama mbele ya majaji. Wengine huiita potreti. Mimi nitasema picha ya sura.

1. Chagua mlango kabla ya kuchagua rangi

Mashindano haya hayafanani, na mengi hayakuhusu. Archibald Prize la Australia ndilo lenye kelele nyingi. Lilianza 1921 kwa wosia wa mhariri wa gazeti, J. F. Archibald, na huonyeshwa Art Gallery of New South Wales, Sydney. Lakini ni la wakazi wa Australia na New Zealand. Lile la jumba la picha za sura la Smithsonian jijini Washington, Outwin Boochever, hufanyika kila miaka mitatu tangu 2006, nalo ni la wanaoishi na kufanya kazi Marekani. Usipoteze bando lako hapo.

Mlango ulio wazi kwetu ni wa National Portrait Gallery, London. Shindano lake la uchoraji lilianza 1980, na hupokea mtu yeyote aliyetimiza miaka 18, popote alipo duniani. Limebadilisha wafadhili kama mtu anavyobadilisha makoti: kwanza kampuni ya sigara, halafu kwa miaka mingi kampuni ya mafuta ya BP, na sasa ni kampuni ya mawakili. Lilisimama baada ya 2020, likarudi 2024 likiwa na zawadi ya kwanza ya pauni 35,000. Anayepiga picha kwa kamera ana lake, Taylor Wessing Photo Portrait Prize, katika jumba hilohilo.

Soma kanuni za mwaka huo, neno kwa neno, kwa maana hubadilika. Kuna mambo matatu ya kutafuta. Je, mwenye sura lazima awe ameketi mbele yako? Archibald husema ndiyo bila kuzungusha maneno: lazima mkutane ana kwa ana angalau mara moja, naye ajue unachofanya. London nako wametaka kazi itokane na kikao au uchunguzi wa mtu aliye hai. Pili, vifaa. Kwa miaka mingi London imetaka rangi za mafuta, tempera (rangi ya kiini cha yai) au akriliki kwenye turubai au ubao, kwa hiyo penseli na rangi za maji ziache nyumbani. Tatu, nani analipia usafiri. Jibu karibu kila mara ni wewe.

Jumba hilo la London lina jambo moja ambalo huwasimulia wenzangu. Lilianzishwa 1856, na picha ya kwanza kuingia kwenye daftari lake inasemekana ni ya Shakespeare. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi 1969, halikukubali kuhifadhi picha ya mtu aliye hai, isipokuwa mfalme au malkia aliye kwenye kiti pamoja na mwenzi wake. Ulipaswa kufa kwanza, tena miaka ipite. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu: kumbe nao walikuwa kama sisi wa picha za matanga! Leo jumba hilohilo ndilo linaloweka shindano la sura za walio hai.

Sisi hapa Kenya hatuna jumba la taifa la picha za sura peke yake. Tulicho nacho kiko Nairobi. Kwenye Makumbusho ya Taifa kuna picha za Joy Adamson, yule wa simba Elsa, ambaye serikali ya kikoloni ilimwagiza mwishoni mwa miaka ya 1940 achore watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao. Alichora zaidi ya 500. Ukipanda basi kwenda Nairobi kwa shughuli nyingine, tenga saa mbili ukazitazame kwa karibu. Angalia mkono wake ulivyo mwepesi kwenye shanga na ngozi za wanyama, kisha angalia macho. Agizo lilikuwa la mavazi na mapambo, na utaona mahali ambapo uso ulimshinda nguvu, ukamfanya asahau ushanga. Hizo ndizo picha za kujifunzia. Kutoka hapo teremka hadi Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913, uone mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais.

(Hata kwenye noti zetu sura zimeondoka. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu binafsi kwenye pesa, na noti mpya za 2019 zikaja bila ile picha kubwa ya uso wa rais. Mchoraji wa sura Kenya atafute ukuta mwingine.)

2. Tafuta mwenye sura, na mkubaliane

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kukimbilia mtu maarufu. Mchoraji anachukua picha ya mwanasiasa au mwanamuziki kwenye intaneti, anainakili hadi kope, halafu anashangaa hakuna jaji aliyeitazama mara mbili. Majaji wa London hawamjui gavana wako. Hawaambiwi hata jina la mchoraji. Wanaona uso tu, na wanaona haraka kama aliyeuchora aliwahi kukaa na mwenye uso huo chumba kimoja.

Mtafute mtu unayeweza kumpata mara sita au saba. Kigezo changu cha kwanza ni hicho, na kinatangulia uzuri. Mama anayekaanga samaki Dunga ana uso wa kuchora mwaka mzima, lakini hawezi kuketi saa za mzigo kuingia, na ukimtoa kwenye karai lake umemtoa kwenye pesa. Mimi nilimpata mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, jirani ya shangazi yangu, ambaye asubuhi zake zilikuwa za redio na chai tu. Nilimwendea kwa adabu, si kwa kamera.

"Jaduong', mzee wangu, naomba nikuchore."

"Nimekufa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwake, kama kwa wengi wa rika lake, mtu huchorwa akishaondoka. Nilimweleza kwamba safari hii nataka nichore akiwa anaweza kunipinga. Hilo lilimfurahisha.

Mweleze mwenye sura mambo manne: picha ni ya shindano, inaweza kuonekana na watu wengi na kwenye mitandao, itauzwa au haitauzwa, na atapata nini. Mimi hulipa muda wake kama ninavyoweza, hata ikiwa ni pesa ya sukari na unga, na huahidi nakala iliyochapishwa. Andikeni karatasi moja, mtie sahihi. Uso wa mtu ni habari yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa sauti juu yake. Mtoto hachorwi bila mzazi kukubali. Na akikataa, amekataa. Wapo wazee wasiopenda sura zao zitembee, na huna haja ya kuwafanya waeleze sababu.

Jambo moja la sheria linalowaumiza mafundi wengi bila wao kujua: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtu akikuagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo ile picha nzuri uliyochora kwa oda ya familia fulani, ukitaka kuiingiza shindanoni, rudi kwao kwanza. Afadhali ya shindano uichore kwa hiari yako, bila oda ya mtu.

3. Dirisha

Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya vitakuambia utafute dirisha linalotazama kaskazini. Kwao ni sawa, kwa kuwa jua lao hupita upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, mtulivu, usiohama. Nilifuata ushauri huo Juni moja, na saa tano asubuhi jua likaingia moja kwa moja mpaka puani kwa mzee.

Sisi tuko kwenye ikweta. Kibao chake kiko hapo Maseno, na Kisumu ni mwendo mfupi tu kusini-mashariki yake. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua letu hulalia kaskazini, hivyo dirisha lenye utulivu ni la kusini. Kuanzia Septemba hadi Machi, geuza: la kaskazini ndilo jema. Ukiwa na chumba chenye dirisha moja tu la mashariki au magharibi, chora wakati jua liko upande wa pili wa nyumba. Nakuru na Kakamega hesabu ni ileile.

Usichore nje saa sita. Jua la utosini huchimba mashimo kwenye macho na kumzeesha mtu miaka kumi. Saa mbili hadi nne na nusu asubuhi ndizo saa zangu. Kuna sababu nyingine ya kupenda asubuhi: alasiri mvua ya ziwa ikianza kupiga mabati hakuna anayesikia mwenzake, na jioni wale wadudu wadogo wa ziwani huja kwa wingi na kunasa kwenye rangi mbichi. Nina picha moja yenye wadudu kumi na mmoja kwenye paji la uso. Nimewahesabu.

Mwanga utoke upande mmoja, juu kidogo ya usawa wa macho, ili pua itupe kivuli kifupi kwenye shavu la pili. Funga nusu ya chini ya dirisha kwa shuka jeupe ukiona mwanga unapanda kutoka sakafuni. Kisha angalia kuta. Nyumba nyingi zetu zimepakwa kijani au bluu ya mafuta nusu ya chini, na rangi hiyo itarukia taya ya mtu. Niliwahi kupigana na taya ya kijani kwa siku mbili, nikidhani nimeharibu mchanganyiko, mpaka nikageuka nikaona ukuta. Tundika shuka au karatasi ya kahawia upande huo. Leso yenye maua mekundu haifai, itakuletea balaa lake.

4. Kikao

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua kiti ambacho mtu angekikalia hata usingekuwepo. Kiti cha plastiki chenye mikono ni sawa kabisa kuliko kile cha kuchongwa ulichoazima ili picha ionekane ya Kiafrika. Mwenye sura akishaketi, weka alama za chaki sakafuni kuzunguka miguu yake na miguu ya kiti, na alama nyingine kwa miguu yako. Kesho mtarudi hapohapo. Mpe kitu cha kutazama: msumari ukutani, kalenda, mlango. Macho yasiyo na mahali pa kutua huchoka na kuwa ya samaki.

Fanya kazi dakika ishirini, mpumzike tano. Usimwambie asitikisike. Mtu aliyeambiwa asitikisike huwa sanamu, na sanamu utaichora vizuri sana bila mtu ndani yake. Zungumzeni. Mwache asimulie, wewe itikia tu. Mzee wangu alikuwa na habari za meli za ziwani, za mizigo ya pamba na samaki, na alipofika kwenye habari ya bosi mmoja aliyemkata mshahara, midomo yake ilijikunja upande wa kushoto. Tabasamu la picha halikai zaidi ya nusu dakika, lakini ule mkunjo ulirudi kila siku. Nikachora mkunjo.

Kikao cha kwanza usiguse turubai. Chukua karatasi, chora michoro midogo sita au saba, kila mmoja dakika tano, ukibadilisha pembe. Uso mzima wa mbele ni mgumu na hufanana na kitambulisho. Mgeuze kidogo, robo tu, hadi sikio moja lianze kujificha. Kaa urefu sawa na yeye. Ukisimama juu ya mtu aliyeketi utamchora akiwa mdogo, na mzee hapendi kutazamwa utosini na kijana, hata kama ni kwa sanaa.

Picha za simu? Piga, lakini piga wewe mwenyewe, ndani ya mwanga uleule, na uzitumie kwa kola, vifungo na mikono wakati mwenyewe hayupo. Usizitumie kwa macho. Lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na jaji mzoefu huitambua pua ya simu kama wewe unavyotambua kuku wa gredi kwenye mchuzi. Picha iliyopigwa na mtu mwingine ina mwenyewe, na shindano linaweza kukutoa kwa hilo.

5. Kupima uso

Kwa ufupi, kwa kuwa unajua. Macho yako katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu, na karibu kila anayeanza huyaweka juu mno kwa sababu hatilii maanani fuvu. Upana wa kichwa ni kama macho matano. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Sikio huanza usawa wa nyusi na kuishia chini ya pua. Baada ya hapo sahau hizo kanuni utafute mahali ambapo huyu mtu anazivunja, maana sura yake iko hapo. Masikio ya wazee huwa marefu. Jicho moja hushuka.

Sisi tuliotoka kwenye vibao vya kinyozi tuna ugonjwa wetu: ukingo mkali. Kwenye kibao ni sifa, laini ya nywele lazima ikate kama wembe ili mteja aione akiwa kwenye bodaboda. Kwenye picha ya sura, fumba macho nusu, na pale ambapo nywele zinapotelea kwenye kivuli, nawe zipoteze.

Na kufanana je? Ndugu watakuambia "si yeye", hilo lizoee. Mwaka 1943 William Dobell alishinda Archibald kwa picha ya mchoraji mwenzake Joshua Smith, amemrefusha shingo na mikono kama korongo. Wachoraji wawili walikwenda mahakamani wakidai hiyo ni kibonzo, haistahili zawadi ya picha ya sura. Hakimu aliamua 1944 kwamba ni picha ya sura. Mimi kipimo changu ni kimoja: mtu anayemjua akiingia mlangoni na kuiona kutoka mbali, kabla ya kuona pua wala macho, aseme jina. Kufanana huanzia kwenye mabega na jinsi kichwa kinavyokaa shingoni.

6. Ngozi yetu

Usifungue tyubu ya rangi nyeusi. Nasema hivi kama mtu aliyefungua nyingi. Nyeusi ikichanganywa na kahawia hutoa uso wa makaa, na ukijaribu kuufufua kwa nyeupe unapata jivu.

Ninachotumia: amba iliyochomwa (kahawia ya giza), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), oka ya manjano, bluu ya ultramarini, nyekundu moja nzito na nyeupe. Giza langu hutoka kwa ultramarini na amba. Ukiongeza siena giza hilo linapata joto, ukiongeza bluu linapoa. Kisha tazama ngozi yenyewe, usitazame wazo lako la ngozi. Ngozi nyeusi inayong'aa ni kioo: upande wa dirisha hubeba rangi ya anga, kwa hiyo mwanga juu ya shavu na paji la uso mara nyingi ni bluu ya kijivu, tena ya baridi. Mahali pembamba, kwenye ukingo wa sikio au puani, damu inaonekana, na hapo siena na nyekundu hufanya kazi. Kivuli chini ya taya huwa na joto kuliko unavyodhani, hasa sakafu ikiwa ya udongo au saruji nyekundu.

Nyeupe tumia kama chumvi. Weka mwanga mkali mwisho kabisa, alama chache, usizisugue. Mzee mwenye ndevu nyeupe atakudanganya: ndevu zake ni kijivu karibu zote, na nyeupe halisi ni nywele tatu nne upande wa dirisha.

Kuna njia nyingine kabisa. Amy Sherald, aliyeshinda lile shindano la Smithsonian 2016 na baadaye akamchora Michelle Obama kwa ajili ya jumba hilohilo la Washington, huchora ngozi ya watu weusi kwa kijivu na kuziachia nguo rangi zote. Ni uamuzi wake, na una sababu zake. Usiuige kwa kuwa kahawia zimekuisha.

7. Vifaa

Merikani nzito inatosha kwa mazoezi: ivute kwenye fremu ya mbao kavu, ipake gundi ya mbao iliyozimuliwa, kisha mikono miwili mitatu ya rangi nyeupe ya maji, ukipiga msasa katikati. Kwa ile ya shindano nunua praima ya akriliki ya wachoraji, hata kama ni mkebe mdogo. Mafuta yakigusa kitambaa kitupu hukiozesha polepole. Fundi seremala mwambie akate kingo za ndani za fremu kwa mshazari, la sivyo mstari wa mbao utajichora kwenye turubai. Msimu wa mvua mafuta hukauka kwa uvivu na kuvu hupenda nyuma ya turubai, basi iache mbali na ukuta.

Anza ndogo. Sentimita 40 kwa 50 inakaa kwenye begi la bodaboda, na uso unatosha humo.

8. Kuipiga picha kazi

Awamu ya kwanza ya shindano la London ni ya picha za kidijitali. Maana yake turubai yako ya miezi miwili itahukumiwa kupitia kamera ya simu, na ukiipiga vibaya umejitoa mwenyewe. Itundike nje kwenye kivuli, asubuhi yenye mawingu, ukuta usio na rangi. Futa lenzi. Zima flashi. Rudi nyuma hatua tatu kisha uvute kidogo, badala ya kuikaribia, na uwashe ile mistari ya gridi ili kingo za turubai ziwe sambamba. Mafuta yaking'aa, inamisha turubai mbele kidogo. Usiguse vichujio. Mpe simu mtu mwenye macho mazuri, alinganishe simu na turubai kwa pamoja, aseme kama ile kahawia ni ileile.

Maelezo ya maandishi yawe mafupi: huyu ni nani, mliketi wapi, kwa nini yeye. Usiwaandikie majaji insha kuhusu bara zima. Mimi nimetuma mara mbili na sijavuka awamu ya kwanza. Mara ya kwanza kosa lilikuwa picha ya simu iliyopinda. Mara ya pili nilikuwa nimeandika insha.

Kabla ya kutuma, mwonyeshe mwenye sura. Mzee alisimama mbele ya turubai muda mrefu, akasogea, akarudi. Kuhusu uso hakusema neno. Akauliza, "Na hii shati ndiyo itaenda Ulaya?" Kesho yake alikuja na nyingine, imepigwa pasi. Nikakwangua kola, nikaanza upya.

9. Ikichaguliwa: kusafirisha, na jina

Fremu ni ghali kusafiri. Turubai inaweza kuvuliwa na kuviringishwa, ikiwa imekauka kabisa, na mafuta mazito huhitaji miezi. Iviringishe rangi ikiwa nje, si ndani, kwenye bomba pana la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na kadiri bomba lilivyo pana ndivyo rangi inavyopona nyufa. Juu ya rangi weka karatasi ya kuokea keki. Plastiki usiiruhusu iguse akriliki, kwa joto la Kisumu itashikana nayo. Mtafute mapema mtu wa kuivuta tena kwenye fremu huko inakokwenda, na omba bei ya usafiri kwa maandishi kabla hujalipa ada ya kuingia.

Halafu andika nyuma: jina la mwenye sura, mahali, mwaka, aina ya rangi, jina lako. Tumia penseli laini kwenye ukingo uliokunjwa. Kalamu ya wino hupenya kitambaa na miaka ikipita hutokea usoni. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni ya "mzee wa Kisumu" tu.

Mzee alisimamia kazi hiyo mwenyewe. Alitaka majina yote matatu, na baada ya hapo akataka la kijiji. Ukingo ulikuwa umejaa. Kijiji nimekiandika kwenye mbao ya fremu, na turubai ikiviringishwa, kitabaki Kisumu.